Kichocho na Dhamiri Zetu

Mto Pangani upitao Korogwe watulisha na kutuogesha. Lakini katika maji matulivu ya kandokando, konokono wadogo huweza kutoa vijidudu vya kichocho, navyo hupenya ngozi ya mwogaji kwa dakika chache tu. Mgeni asiyezoea huweza kushikwa, baada ya majuma machache, na homa kali, kikohozi na upele. Mwenyeji aliyeoga humo tangu utoto mara nyingi hashikwi na homa hiyo. Huona damu katika mkojo, akasema ni kawaida. Hapo ndipo penye hatari: kibofu chaharibika, na mazoea yamekwisha kuilaza dhamiri.

Twauliza basi: akojoaye mtoni ana kosa? Tangu mwaka 1851, Bwana Theodor Bilharz alipomgundua mnyoo huyu huko Misri, ujuzi umeongezeka. Twajua kwamba konokono hukipokea kichocho kutoka kwetu, kwa mayai yaliyomo katika mkojo. Asiyefundishwa hana hatia. Aliyefundishwa, naye ana choo, akiendelea, amdhuru mtoto wa jirani kwa kujua. Na asiye na choo wala kisima je? Tusimlaumu, deni ni letu sisi tuwezao kuchimba pamoja naye.

Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, lakini haimkingi mtu asiambukizwe tena kesho. Basi tumeze dawa, na tuchimbe vyoo. Ampendaye jirani hayachafui maji aogayo mwanawe.