Bani la Tumbaku na Kibanda cha Kibarua



Ndugu zangu Waislamu, wengi wetu hapa Ulyankulu ni watoto na wajukuu wa watu walioingia Tanzania mwaka 1972, wakikimbia mauaji ya Burundi. Walipewa pori la miyombo lenye mbung'o, wakalala kwenye nyasi. Miaka ya mwisho ya 1970 maji yakawa haba, maelfu wakahamishiwa makazi ya Mishamo kuanza upya. Hata uraia ulipokubaliwa mwaka 2010, vyeti vilikawia hadi 2014, na muda huo tuliambiwa tutatawanywa mikoani. Nani angechoma tofali? Kuishi bila kujua kama ukuta ni wako, jambo hilo hatuhitaji kusimuliwa.

Sasa tazameni mashambani. Kila msimu wanakuja vibarua wa tumbaku, kutoka Kigoma na ng'ambo ya mpaka. Hukumu ya tumbaku yenyewe ina siku yake, leo siigusi. Nasema juu ya bani, banda la kukaushia tumbaku. Tunalijenga kwa uangalifu, ukuta unasiribwa usivujishe joto, paa linakaguliwa, usiku mtu anakesha akichochea moto. Jani limepata nyumba. Aliyelichuma anaingia kwa kuinama katika kibanda cha nyasi, yeye na mke na watoto, mvua za Januari zikiwanyeshea. Ujira wake ni hadi tumbaku iuzwe, kwa hiyo hana nauli ya kuondoka wala kodi ya chumba.

Mtasema: huyo ni mtu wa msimu, nyumba ya nini? Bani nalo ni la msimu.

Msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie, ulikuwa na kivuli kilichoitwa Suffa. Hapo walilala wasio na nyumba wala jamaa Madina. Abu Huraira, ambaye hakuna sahaba aliyepokewa Hadithi nyingi kumshinda, alikuwa mmoja wao, na njaa aliijua. Jioni Mtume akiwagawa kwa masahaba, kila mwenye chakula aondoke na mgeni. Sisi tukimaliza Isha tunatia kufuli, na anayejikunyata barazani tunamwita mzururaji. Uislamu wenyewe ulifika Unyanyembe, eneo la Tabora, kwa wasafiri wa misafara! Na Surat at-Tawba imemhesabu msafiri aliyeishiwa miongoni mwa makundi manane yanayopewa zaka.

Basi mwaka huu, kabla ya kukarabati bani, anza na kibanda: ukuta wa tofali za udongo, paa lisilovuja, mlango unaofungwa kwa ndani, choo. Gharama usiikate katika ujira wake. Asiyeweza peke yake aseme, kamati ya msikiti imsaidie kutoka fungu la zaka.

Baada ya swala, wenye mashamba msitawanyike. Tutakaa chini ya mwembe, kila mmoja aseme ana vibarua wangapi na wanalala wapi.