Jembe la Mgeni

Washkaji wa kijiweni wananicheka kwa muziki ninaousikiliza. Wanasema ni kelele tupu, wimbo mmoja dakika ishirini, hata kuucheza huwezi. Sibishani nao. Lakini tangu mwezi uliopita kuna jambo linaninyima usingizi, na kila nikitafuta pa kulipimia najikuta nimerudi kwa bendi ileile, Dream Theater ya Marekani. Swali lenyewe, ndugu msomaji, ni hili: mtu aliyeanzisha kitu akakiacha, kisha akataka kukirudia, ana haki gani mbele ya yule aliyekitunza?

Tuanze na kisa.

Mwaka 1985 vijana watatu walikutana Boston, katika chuo cha muziki cha Berklee. John Petrucci alipiga gitaa, John Myung besi, Mike Portnoy ngoma. Walijiita Majesty. Ilipobainika kuwa kuna kundi jingine lenye jina hilo, baba yake Portnoy akawapa jina la jumba moja la sinema la California, nalo likashika. Chuo wakakiacha. Walichukua metali, ile roki nzito ya magitaa yanayonguruma, wakaitia utunzi mrefu unaobadili mapigo kila mara, kama hadithi ndani ya hadithi. Watu wakaiita metali ya progresivu.

Albamu ya kwanza, ya mwaka 1989, haikufika mbali, na mwimbaji wao akaondoka. Mwaka 1991 wakampata James LaBrie kutoka Kanada. Mwaka uliofuata ikatoka Images and Words, na wimbo wake wa zaidi ya dakika nane, Pull Me Under, ukasikika redioni na kuonekana kwenye televisheni, mahali ambapo wimbo wa dakika nne tayari ni mrefu. Mpiga kinanda wa mwanzo aliondoka 1994. Akaja mwingine, akapita, na mwaka 1999 akaingia Jordan Rudess.

Portnoy hakuwa mpiga ngoma tu. Alichagua nyimbo za maonyesho, alisimamia kurekodi pamoja na Petrucci, aliandika maneno ya nyimbo. Kati ya mwaka 2002 na 2009 aliweka wimbo mmoja katika kila albamu, nyimbo tano kwa jumla, kueleza safari yake ya kuacha pombe. Sasa wewe fikiria, nyimbo kama hizo anazipiga nani mwingine?

Mwaka 2010 aliwaambia wenzake kwamba bendi ipumzike. Wenzake wakakataa, na Septemba akaondoka. Baadaye alieleza mwenyewe hadharani kwamba alijaribu kurudi, akakuta mlango umefungwa. Wahenga walishasema: asiyekuwepo na lake halipo.

Wapiga ngoma saba waliitwa New York kujaribiwa, akachaguliwa Mike Mangini. Huyu alikuwa mwalimu palepale Berklee, chuo walichokiacha wale vijana watatu. Naye akaiacha kazi yake ya kufundisha. Alipofika, mapigo ya albamu ya mwaka 2011 yalikuwa yameshapangwa na Petrucci kwa mashine, yeye akajifunza na kuyapiga. Alikaa miaka kumi na tatu, albamu tano. Aprili 2022 bendi ilipata Grammy yake ya kwanza, kwa wimbo The Alien, na aliyekaa nyuma ya ngoma katika wimbo huo ni Mangini.

Oktoba 2023 ikatangazwa kwamba Portnoy amerudi. Mangini akatoka. Hakutukana mtu. Alisema anauelewa uamuzi huo, na kwamba tangu siku ya kwanza hakuja kujaza nafasi zote za Portnoy, alikuja kupiga ngoma ili bendi iendelee. Februari 2025 ikatoka Parasomnia, albamu ya kwanza ya Portnoy tangu arudi, na mashabiki tukafurahi. Nasema tukafurahi, maana na mimi nilikuwemo. Nilirukaruka chumbani peke yangu kama mtoto. Usiku ndipo nikamkumbuka yule mwingine.

Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi methali hii niliipenda tangu utotoni, niliona inamheshimu mgeni: akishalima pamoja nasi, si mgeni tena. Siku hizi naiona inanyamaza mahali. Inasema apewe jembe. Haisemi kama atapewa shamba. Mangini alilima miaka kumi na tatu, na siku mwenye shamba aliporudi, jembe likabaki palepale.

Utaniambia, aisee, bendi ni ya walioianzisha, acha maneno mengi. Haya. Lakini LaBrie naye alikuja kushika nafasi ya mtu. Rudess vilevile. Leo nani anawaita wageni? Wala jasho lao si la aina nyingine. Tofauti ni kwamba wale waliowatangulia hawakuliliwa namna hii, naye Portnoy aliliwa kila siku. Yaani uenyeji wa Mangini haukuamuliwa na kazi yake, uliamuliwa na ukubwa wa pengo alilolikuta. Hapo ndipo naona dhuluma imejificha, hata kama hakuna mtu aliyemdhulumu.

Na mbona hili linanihusu? Tuna kikundi chetu cha kusoma na kuandika. Alikianzisha rafiki yangu, kisha kazi ikampeleka mkoani miaka minne. Funguo za chumba akaniachia mimi. Kila Jumamosi nilifungua, nilifagia, nilipokea hadithi za watu na kuzisahihisha, nilihangaika hela za kutoa kopi. Mwezi uliopita akarudi. Tukashangilia, mimi wa kwanza. Ndipo binti mmoja, tena bila ubaya wowote, akasema, "Afadhali, sasa mwenyewe karudi." Mwenyewe! Je, mimi nilikuwa nani?

Siku kadhaa nilikuwa na kinyongo. Nikasema funguo sitoi, asiyekuwepo na lake halipo. Lakini ukweli lazima niuseme hapa, la sivyo nimeandika bure: yule jamaa akisoma hadithi mbele ya watu, chumba kinawaka. Mimi chumba nilikitunza, sikukiwasha. Nikiwa msikilizaji wa kawaida ningemtaka yeye, kama nilivyomtaka Portnoy.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na wewe ulipime. Aliyeanzisha anaweza kurudi, wenzake wakimtaka. Kiti si cha yeyote milele, si cha aliyekichonga wala cha aliyekikalia. Ila anayerudi, na sisi tunaomshangilia, tuna deni: tusiigeuze miaka ya katikati kuwa miaka ya kungoja. Mangini hakuwa akilinda kiti. Alikuwa akipiga ngoma. Bila mapigo yale miaka kumi na tatu, Portnoy angerudi wapi? Na upole wa yule aliyetoka usitufanye tuseme hakuna deni. Mtu kukusamehe si sawa na wewe kumlipa.

Jumamosi ijayo nampa funguo. Daftari la kikundi nimelipitia lote. Mwisho wa ukurasa wake alioandika mara ya mwisho nimeandika tarehe niliyopokea, na mwisho wa ukurasa wangu nimeandika tarehe ninayokabidhi, na jina langu kamili chini yake. Kurasa za katikati ni sitini na mbili. Nitamwomba azisome kwanza, kabla hajafungua ukurasa mpya.