Kidonda cha Uzazi Si Laana

Mtakatifu Marko atusimulia habari za mwanamke mmoja aliyetokwa na damu kwa muda wa miaka 12. Alikwisha tumia mali yake yote kwa waganga, wala hakupata nafuu. Tena mateso ya mwili hayakuwa yote, kwa kuwa kwa sheria ya Wayahudi mwanamke wa namna hiyo alihesabiwa kuwa najisi, na kila alipoketi palikuwa najisi pia. Ndiyo sababu alimjia Bwana wetu kwa nyuma, katikati ya msongamano, akagusa vazi lake kwa siri kama mwizi.

Wanawake kama huyo wako kati yetu hata leo, ila kinachowatoka si damu, ni mkojo, na pengine choo. Ugonjwa wao huitwa fistula ya uzazi. Si jambo rahisi kuliandika katika gazeti linalosomwa na wazazi pamoja na watoto wao. Lakini tumelinyamazia mno, na kimya hicho wanakilipa wao.

Mama ashikwapo na uchungu, na mtoto asiweze kupita kwa kuwa nyonga ni nyembamba au amelala vibaya tumboni, kichwa chake hukibana kibofu cha mkojo juu ya mfupa. Akibaki hivyo siku moja, mbili, hata tatu, nyama iliyobanwa hukosa damu na kufa, na baada ya siku chache hunyofoka na kuacha tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Mara nyingi mtoto naye huzaliwa amekwisha kufa. Tangu hapo mkojo hutiririka usiku na mchana bila kuzuilika. Wengine hata mguu hulegea na kuburuta, kwa sababu mishipa ya fahamu nayo ilibanwa.

Sababu kubwa basi ni kuchelewa. Huku Marambo, katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, kuna vijiji vilivyo mbali na hospitali, na wakati wa mvua njia huwa matope, na fedha ya korosho imekwisha. Hayo twayaelewa. Lakini kuna kuchelewa kwingine kusikoletwa na matope. Wapo wanaosema kwamba uchungu ukikawia, mwanamke ametoka nje ya ndoa, wala hatajifungua mpaka amtaje mwanamume huyo. Saa zinapita katika kumhoji, naye mtoto anakufa! Twawaomba akina mama wakubwa, na hasa makungwi wanaosikilizwa sana na mabinti wetu katika unyago, wayakomeshe maneno hayo. Nyonga iliyo nyembamba haina habari ya zinaa. Uchungu ukivuka nusu ya siku, itafutwe njia ya kwenda hospitali, iwe ni Mnero au Nyangao au ya serikali, ilimradi apasuliwe mapema anayehitaji.

Na yule aliyekwisha kuumia je? Ajue kwanza kwamba ugonjwa wake unatibika. Daktari aliyejifunza kazi hiyo hulishona lile tundu, kisha mgonjwa hukaa na mpira wa mkojo kwa muda wa majuma mawili hivi, ili kibofu kipumzike na kidonda kifunge. Tundu lisilo gumu, likishonwa na fundi wake, hufungika kwa wagonjwa wengi sana, hata 9 katika kila 10. Lililo kubwa au lenye makovu huwa na taabu zaidi, na pengine huhitaji kushonwa tena. Hata aliyeugua miaka 20 asijione amechelewa. Na aliyejifungua juzi tu, akiona mkojo unamtoka, asikae nyumbani hata siku moja, kwa maana tundu dogo lililo jipya laweza kufunga lenyewe akiwekewa mpira mapema.

Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT imewatibu wanawake hawa kwa miaka mingi bila kuwatoza kitu, na hata nauli imetumwa kwa njia ya simu kwa mtu aliyemgundua mgonjwa kijijini, amkatie tiketi ya basi. Mwanza, hospitali ya Bugando nayo imeifanya kazi hiyo. Jirani zetu wa Uganda wanamkumbuka Sista Maura Lynch, mtawa kutoka Ireland, aliyekuwa daktari wa upasuaji huko Kitovu, Masaka. Mpaka alipofariki mwezi wa Desemba 2017 alikuwa amewashona wanawake zaidi ya 1,000. Sala zake na sindano yake vilikuwa kazi moja.

Tuseme na waume pia. Mwanamume aliahidi mbele ya altare kumpenda mkewe katika afya na katika ugonjwa. Mke huyu aliumia akimzalia mtoto, wala hakuumia akitafuta anasa. Ni haki gani basi kumrudisha kwa wazazi wake pamoja na kitanda chake? Tunajua kwamba harufu ni ngumu kuvumilia, na tusijifanye hatujui. Lakini mara nyingi harufu huzidi kwa sababu maskini huyo anaogopa kunywa maji, akidhani atalowa kidogo. Kumbe mkojo uliokosa maji huwa mkali na kuichoma ngozi. Anywe maji mengi, aoge, apewe vitambaa safi vya kutosha. Kazi ya kumtekea maji mumewe aweza kuifanya.

Na sisi wa parokiani? Bwana wetu hakuridhika kumponya yule mwanamke kimyakimya. Alisimama, akamtafuta kwa macho, akamwita binti yake mbele ya watu wote waliokuwa wamemkwepa. Katekista anayemwona mama aliyeacha kuja Misa tangu alipojifungua, amtembelee, aulize kwa upole, tena amtume mkewe kama jambo lina haya.

Akirudi amepona, mume amwache miezi mitatu au zaidi, kama daktari atakavyoagiza, wala asipewe jembe zito wala ndoo kichwani kwa muda huo. Akijaliwa mimba nyingine, ahudhurie kliniki tangu mwanzo, naye azae hospitalini kwa kupasuliwa. Ule mwezi wa mwisho akae karibu na hospitali, kwa ndugu au kwa Mkristu yeyote atakayemfungulia mlango.