Dawa ya Deni ni Kulipa

Mara nyingi twasikia mtu akisema: "Makosa ya babu yangu si yangu." Neno hilo lina kweli ndani yake, maana haifai mtu aadhibiwe kwa tendo asilolitenda. Lakini je, aliyerithi faida ya kosa aweza kulikataa deni lake? Na tulipime swali hili kwa habari ya mto mmoja.

Mto Elwha, katika jimbo la Washington huko Marekani, hushuka toka milimani hata baharini. Samaki waitwao samoni huzaliwa katika maji yake baridi, huenda baharini kukua, kisha huupanda tena mto ule ule ili watage mayai. Watu wa kabila la Klallam waliishi kwa samaki hao tangu kale, na kwa mkataba wa mwaka 1855 serikali iliwaahidia haki ya kuvua. Ndipo ukajengwa ukuta wa bwawa la umeme, uliomalizika mwaka 1913, kilometa 8 hivi toka pwani; wa pili ukafuata mwaka 1927. Sheria ya jimbo iliagiza samaki waachiwe njia ya kupita, njia haikutengenezwa. Umeme ukaendesha viwanda, watu wakapata kazi, na samoni wakaishia chini ya ukuta.

Hatusemi umeme ni kitu kibaya. La, hasha! Nani asiyetamani taa katika nyumba yake? Ubaya ni kwamba jambo jema lilifanywa kwa mali ya wengine, bila ridhaa yao. Anayewakaribisha wageni kwa mbuzi wa jirani hawezi kuitwa mkarimu.

Mwaka 1992 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuurudishia mto uhai wake. Serikali ikayanunua mabwawa yote mawili, na kuta zikabomolewa kati ya 2011 na 2014. Kazi yote iligharimu zaidi ya dola milioni 300. Waliozitoa fedha hizo hawakuweka hata jiwe moja la kuta zile; wengi walikuwa hawajazaliwa. Je, walionewa? Sisi twasema hapana. Adhabu humfuata mkosaji, bali deni huifuata mali, mkononi mwa yeyote inamokaa.

Samoni walirudi kuupanda mto, na mwaka 2023 watu wa Klallam wakavua humo tena, ijapokuwa kwa kiasi kidogo. Lakini wazee waliofariki katika miaka ile karibu 100 hawakuiona siku hiyo. Deni likicheleweshwa, sehemu yake hailipiki tena.

Basi, wazazi, kabla hatujawaonyesha watoto wetu shamba na kuwaambia, "Hili ni urithi wenu," tuulize kwanza kama mpaka wake haukusogezwa. Tukiona ulisogezwa, tuurudishe sisi wenyewe, angali yupo wa kurudishiwa.