Uhuru wa Mtoto Anayeacha Shule

Tangu Gary Becker alipochapisha mwaka 1964 kitabu chake juu ya rasilimali watu, yaani ujuzi ambao mtu huugharimia leo ili umletee kipato kesho, wanauchumi wengi wamemwona mwanafunzi anayeacha masomo kuwa mtu aliyepima gharama na faida, akaona kwamba kuendelea hakumlipi. Mtazamo huo una sifa moja kubwa, kwani humwondolea maskini aibu ya kudhaniwa mvivu. Lakini huacha swali ambalo uchumi peke yake haulijibu, nalo ni kama uamuzi wa namna hiyo ni wa hiari kweli, na kama sivyo, dhamana yake ni ya nani.

Swali hilo lilipata sura iliyo wazi katika utafiti ambao mwanauchumi Robert Jensen aliuanza mwaka 2001 katika Jamhuri ya Dominika. Wavulana wa darasa la nane waliulizwa aliyemaliza sekondari humzidi kipato kwa kiasi gani aliyeishia shule ya msingi, na wengi wakataja tofauti ndogo mno kuliko ile iliyomo katika takwimu za mishahara. Hawakukosa akili, walikadiria kwa kuwatazama majirani zao, na aliyesoma akafanikiwa mara nyingi huhama mtaa wa maskini, akaondoka na ushahidi. Katika shule zilizoteuliwa kwa bahati nasibu wanafunzi walielezwa takwimu halisi, na ndani ya miaka minne iliyofuata wakawa wamesoma, kwa wastani, mwaka 0.20 hadi 0.35 zaidi ya wasioelezwa. Hata hivyo, na hapa ndipo penye uzito wa jambo lote, ongezeko hilo lilitokana na watoto wa kaya zenye nafuu. Waliokuwa maskini zaidi walisikia maelezo yaleyale, wakayasadiki, wala masomo yao hayakurefuka.

Aristotle alifundisha kwamba tendo hukosa hiari kwa kutojua au kwa kushurutishwa, akaongeza aina iliyochanganyika, mfano wa nahodha anayeitupa shehena baharini wakati wa tufani: ameamua mwenyewe, lakini asingelitaka jambo hilo bahari ikiwa shwari. Wavulana wenye nafuu walikuwa wamefungwa na kutojua, na habari sahihi ikawafungua. Maskini wamo katika tufani, na kumtajia nahodha thamani ya shehena hakutulizi mawimbi. Kwa hiyo si haki kumtwika mtoto wa miaka 14 lawama ya uamuzi ambao hata ujuzi kamili haukumwezesha kuubadili.

Meksiko, kwa mpango wa Progresa ulioanza mwaka 1997, iliwalipa akina mama fedha kwa sharti la watoto kuhudhuria shule, na masomo ya sekondari yakapata wanafunzi zaidi. Wapo wanaosema kwamba kufanya hivyo ni kumnunua mzazi, ingawa ujira wa mtoto shambani nao ni malipo, na ulikuwa ukimvuta kabla serikali haijatoa chochote. Hoja nzito zaidi ni nyingine: utetezi wote huu umejengwa juu ya mshahara, na kama takwimu za Dominika zingeonyesha kwamba sekondari haiongezi kipato, mwenye kuamini kwamba akili ya mtoto inastahili kukuzwa kwa ajili yake yenyewe angelazimika kuitetea shule kwa sababu ambayo hakuna jedwali la mishahara linaloweza kuitoa.