Ni Gemu Tu

Ndani ya miezi miwili nimemaliza magemu matatu. Kwa mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, hayo si machache. Yote yana umri kidogo, maana laptopu yangu haina ubavu wa kubeba mapya. La kwanza ni Shadow of the Colossus, lililotoka 2005 na kutengenezwa upya 2018, ambalo nimelicheza kwenye pleisteshen ya mdogo wangu. La pili ni Undertale la 2015. La tatu ni Papers, Please la 2013. Nilitaka niandike mapitio ya kawaida tu: hili zuri, hili linachosha, hili lisubiri mpaka lishuke bei. Ila kila nikianza nakwama kwenye swali moja, na ni swali ambalo mdogo wangu alilijibu kwa maneno manne bila hata kuinua macho kwenye simu yake: "Kaka, ni gemu tu."

Swali lenyewe ni hili. Mtu akitenda ubaya ndani ya gemu, mahali ambapo hakuna hata mmoja aliyeumia, amekosa chochote? Na kama hajakosa, ile hisia ya kuchomwa moyoni inatoka wapi?

Sizungumzii ile hoja ya zamani kwamba magemu yanawafanya vijana kuwa wakatili. Mimi nimekulia kwenye kibanda cha gemu. Tumetwangana ngumi za kwenye skrini tangu darasa la nne, na wale niliotwangana nao leo mmoja ni fundi umeme, mwingine mwalimu, watu wapole kabisa. Swali langu ni dogo kuliko hilo, na linanihusu mwenyewe.

Tuanze na Shadow of the Colossus. Kijana anaitwa Wander. Anambeba msichana aliyekufa hadi kwenye nchi iliyokatazwa, na huko sauti inamwambia kwamba huenda msichana akarudi kama yeye atawaua majitu 16. Basi, hadithi ndiyo hiyo. Hakuna vijiji, hakuna maadui wadogo wadogo wa kuua njiani, hakuna maneno mengi. Ni wewe, farasi wako Agro, na upanga unaoakisi mwanga wa jua kukuonyesha pa kwenda. Unaweza kupanda farasi dakika nyingi bila kukutana na kitu zaidi ya nyasi na mawe. Wapo watakaosema inaboa. Mimi ule ukimya niliupenda, ingawa farasi mwenyewe ana siku anageuka kwa hiari yake.

Kila jitu linapoanguka, muziki unakuwa wa huzuni, kama vile tuko msibani. Halafu nyuzi nyeusi zinatoka kwenye mzoga na kumchoma Wander mwilini. Jinsi unavyoendelea, ndivyo sura yake inavyozidi kuharibika. Jitu la 13 ni kiumbe kirefu kinachoruka juu ya jangwa, na hakikushambulii kabisa. Kinaelea zake angani. Unapaswa kuipiga mishale mifuko yake ya hewa ili kishuke, ukidandie, ukichome. Nilifanya hivyo. Kilipoyumba kuelekea chini nikapiga kelele za furaha, mdogo wangu akacheka. Kisha kikalala mchangani, na mimi nikanyamaza.

Lakini pale nilikuwa na kisingizio. Gemu halikunipa njia nyingine. Wapo wanaosema njia ipo, uzime tu mashine. Kwangu huko ni sawa na kumwambia msomaji afunge kitabu ili mhusika asife. Hata hivyo, kuna tofauti ambayo sisi wapenda vitabu tunapaswa kuikubali. Ninapoisoma Rosa Mistika ya Kezilahabi namlaumu Zakaria, nawalaumu wanaume waliomchezea binti yake, lakini sijawahi kufunga kitabu kile nikijiona mimi ndiye niliyemfikisha Rosa pale. Msomaji ni shahidi. Ukurasa ukiugeuza au usipougeuza, yaliyoandikwa yameandikwa. Kwenye gemu, jitu haliangiki mpaka kidole changu kibonyeze. Njia imechongwa na mtu mwingine, sawa, lakini mkono ni wangu. Kwa hiyo hatia yake ninaiona kama nusu: ya mtengenezaji na yangu.

Undertale likaninyang'anya hata ile nusu ya kisingizio. Hapa mtoto anatumbukia kwenye ulimwengu wa chini unaokaliwa na viumbe vya ajabu, na karibu katika kila pambano unaweza kupigana au kusamehe. Wa mwanzo mwanzo ni Toriel, mama mpole anayekupokea, anakupa chumba, anakuokea pai. Ukitaka kuondoka, anasimama mlangoni, kwa sababu anaogopa utakufa huko nje. Mimi, kwa mazoea ya miaka yote ya magemu, nikajua la kufanya: nimpige kidogo adhoofike, halafu atakubali kunipisha. Nikapiga pigo moja zaidi. Akafa.

Nikarudi pale nilipokuwa nimesevu. Safari hii nikawa mvumilivu, nikamsamehe tena na tena mpaka akashindwa mwenyewe, akanikumbatia. Roho ikatulia. Ndipo likatokea ua moja lenye uso, linaitwa Flowey, likaniambia kwamba linajua. Linajua nilimuua, nikajuta, nikarudi nyuma. Jamani, nilishtuka kama mtu aliyeitwa jina lake gizani. Gemu lilikuwa limekumbuka kitu ambacho mimi nilidhani nimekifuta.

Plato, katika kitabu chake Jamhuri, anamweka Glaucon asimulie habari za mchungaji aliyepata pete ya kumfanya asionekane. Kwa pete hiyo anamtongoza malkia, anamuua mfalme, anachukua ufalme. Swali la Glaucon: ukimpa pete kama hiyo mtu mwema na mtu mbaya, kutakuwa na tofauti gani kati yao? Sasa, kitufe cha kusevu kina nguvu kuliko ile pete. Pete inaficha tendo tu. Kitufe kinalifuta, dunia inarudi ilivyokuwa, maiti inaamka. Kama kweli ubaya wa tendo uko kwenye madhara yake peke yake, basi baada ya kurudi nyuma nilipaswa kuwa safi kabisa. Toriel alikuwa hai. Lakini mimi nilikuwa bado yule yule ambaye, alipokutana na mama aliyesimama mlangoni kwa mapenzi, wazo lake la kwanza lilikuwa kupiga.

Nimefika kwenye Papers, Please, ambalo ndilo sababu ya andiko hili.

Mwaka ni 1982. Nchi ni Arstotzka, ya kubuni. Umeshinda bahati nasibu ya ajira, umepewa kibanda mpakani, na kazi yako ni kukagua pasipoti na kugonga muhuri: wa kijani apite, mwekundu arudi. Kila mtu uliyemshughulikia kwa usahihi unalipwa 5. Jioni unagawa hela: kodi ya nyumba, chakula, joto, dawa. Nyumbani wapo mke, mtoto, mama mkwe na mjomba. Ukikosea, mashine inatoa kikaratasi cha onyo. Makosa mawili ya mwanzo kwa siku yanasamehewa, kuanzia la tatu unakatwa. Gemu lote ni hilo, la kukagua tarehe na majina, na lina miisho 20. Lucas Pope aliyelitengeneza ameweza kuifanya kazi ya karani iwe na presha kuliko vita.

Siku ya tano anapita mwanamume mwenye karatasi zote sawa. Anakuomba umwonee huruma mkewe, yuko nyuma yake kwenye foleni. Mke anafika. Hana kibali cha kuingia. Anasema akirudishwa kwao atauawa. Mimi siku ile nilikuwa nimeshakosea mara mbili, na nyumbani mjomba anaumwa. Nikagonga mwekundu. Sikufikiri hata sekunde tano. Nikaita: anayefuata.

Sasa niseme jambo ambalo sikupanga kulisema nilipoanza. Kazi yangu mimi ni ya dirishani. Ofisi siitaji, haina kosa lolote katika hili. Nakaa nyuma ya kioo, napokea fomu, nakagua viambatanisho, na muhuri ninao, ingawa wangu wino wake ni wa bluu. Wiki ileile niliyokuwa nacheza Papers, Please, alikuja mama mmoja mtu mzima kutoka Chanika, daladala mbili. Barua yake ya serikali ya mtaa ilikuwa na jina, ilikuwa na sahihi, haikuwa na muhuri. Ilikuwa inakaribia saa tisa na nusu, saa ya kufunga dirisha, na nyuma yake walikuwapo watu kama kumi.

"Mwanangu, mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeniandikia mbele yangu," alisema.

"Naelewa mama yangu, lakini utaratibu ndio huo. Nenda wakugongee muhuri, kisha urudi."

Akakunja barua yake taratibu, akaitia kwenye mkoba, akaondoka. Namba ya simu ya ofisi ya mtaa ilikuwa imeandikwa juu kabisa ya ile barua. Ningeweza kupiga. Ni jambo la dakika mbili. Nikaita: anayefuata. Jioni nikarudi nyumbani, nikafungua laptopu, nikakutana na mke wa yule bwana.

Mdogo wangu aliposema "ni gemu tu", alikuwa na hoja nzito kuliko alivyojua. Yule mwanamke wa kwenye skrini ni vidoti vya rangi. Hana mume, hana kwao pa kurudishwa. Hakuna wa kumwomba radhi. Nikisema nimemdhulumu nawatukana wote ambao kweli waligeuzwa mipakani. Nakubali. Ndani ya gemu sijamkosea yeyote.

Lakini kupanda kwenye mizani nako hakumnenepeshi mtu. Mizani inakwambia tu uzito ulioingia nao. Nilichokipata siku ya tano ni habari: hivi ndivyo ninavyofanya nikiwa nimechoka, foleni ni ndefu, na huruma inagharimu 5. Mtu atanijibu kwamba kwenye gemu kila mtu anacheza ili ashinde, kwa hiyo kipimo hicho si cha haki. Nami nitamuuliza: dirishani je? Pale pia nilikuwa nacheza nishinde. Ushindi wangu ulikuwa kufunga kwa wakati na kutoulizwa na bosi kwa nini nimepokea fomu yenye upungufu.

Kuna jambo jingine linanikera zaidi. Usiku ule nilirudia siku ya tano. Safari hii nilikagua kwa makini, sikukosea hata mara moja, na yule mke alipofika nikamgongea kijani. Kikaratasi cha onyo kikatoka, cha kwanza, bila makato. Nikajisikia mtu mwema. Nikalala vizuri! Niliinunua huruma siku ambayo ilikuwa bure, kwa mtu ambaye hayupo, na ikanitosha. Wakati huo mama wa Chanika alikuwa na barua yake ndani ya mkoba. Hapa ndipo ninapoogopa haya magemu yenye maadili, na nadhani riwaya pia zimo. Hatari ninayoiona ni kwamba yanaweza kutuonjesha majuto matamu, tukashiba, tukaamka asubuhi hatudaiwi.

Mama alirudi siku ya nne. Barua ilikuwa na muhuri. Nikaipokea, nikagonga, ikachukua kama dakika moja hivi. Akaniambia, "Asante sana mwanangu, Mungu akuzidishie." Hakuwa na kejeli. Alishukuru kwa dhati, na sikujua niangalie wapi.

Nimeiwaza sana ile mashine ya Papers, Please. Ukimhurumia mtu, inaunguruma na kukutolea onyo. Ukimgeuza mwenye shida kwa kufuata utaratibu, inakaa kimya. Ofisini kwetu hakuna mashine kama hiyo, ila mambo yanakwenda vilevile. Siku ile nilipomrudisha mama hakuna karatasi yoyote iliyotoka. Kwa upande wa utaratibu nilikuwa nimefanya kazi nzuri. Na kitufe cha kurudi mahali niliposevu, pale dirishani hakipo.

Kwa hiyo maoni yangu ya mchezaji ni haya. Shadow of the Colossus lichezeni kwa ajili ya ule ukimya, na mvumilieni farasi. Undertale lichezeni kabla rafiki hajawaharibia, na kwa Toriel msiwe na haraka. Papers, Please ni dogo, halihitaji kompyuta ya maana, na kwangu ndilo bora kati ya yote matatu. Kwa mdogo wangu jibu langu ni kwamba ndiyo, ni gemu tu, na ndiyo maana nilikuwa huru kuonyesha nilivyo.

Siku hizi mtu akileta barua yenye upungufu, kabla sijasema "rudi" namuuliza anatoka wapi, na kama kuna namba ya simu napiga. Sipigi kila mara. Juzi saa tisa na dakika ishirini nilimrudisha kijana mmoja bila kumuuliza chochote, nikakumbuka tayari nikiwa kituoni nasubiri daladala.