Kusahau Si Kudharau

Katika nyumba zetu mna neno moja litamkwalo upesi mno, nalo ni "makusudi". Mtoto akivunja kikombe, amefanya makusudi. Mume akisahau alilotumwa, amefanya makusudi. Leo twapenda kulipima neno hilo kwa ajili ya ndugu zetu waishio na virusi vya UKIMWI, maana twaona kwamba baadhi yao huhukumiwa kwalo pasipo haki.

Tumfikirie fundi seremala mmoja, mwenye virusi hivyo. Zamani alishika vipimo vyote kichwani, asiandike hata kimoja. Siku hizi hutoka kwenda kununua misumari, akarudi na gundi. Huanza kazi tatu asimalize hata moja. Akiulizwa, hukawia kujibu, au hufoka. Mkewe asema, "Hunijali tena." Jirani asema ni uvivu, wengine wanong'ona kwamba amerogwa. Naye akipitiwa na siku ya kuchukua dawa, huambiwa kwamba hataki kupona.

Matabibu watufundisha jambo jingine. Virusi hivyo havikai katika damu tu, bali huingia katika ubongo mapema, mara nyingi katika majuma ya kwanza baada ya maambukizo. Ubongo una ukuta wake, usioruhusu kila kilichomo katika damu kupita. Lakini virusi huuvuka vikiwa vimefichwa ndani ya chembe nyeupe za damu, ambazo ni walinzi wa mwili. Vikiisha kuingia, hukaa hasa katika chembe za ulinzi za ubongo wenyewe. Chembe za fahamu, ambazo kwazo twafikiri na kukumbuka, kwa kawaida haziambukizwi. Lakini huumizwa na sumu itokanayo na virusi, na kwa ghasia za walinzi wasiopata kutulia. Vitawi vyake, ambavyo kwavyo hupelekeana habari, hunyauka. Ndipo mtu hukawia kufikiri, husahau, hushindwa kupanga mambo, hupungukiwa hamu ya kazi, na pengine viungo vyake huwa vizito.

Lakini tusimdhanie kila mwenye virusi kuwa amepungukiwa akili. Kabla ya dawa za mchanganyiko kuanza kutumika mwaka 1996, kupotewa na akili kabisa kulikuwa jambo la kawaida kwa wagonjwa waliozidiwa. Tangu hapo kumekuwa nadra kwa watumiao dawa barabara. Hapa Tanzania dawa hizo zilianza kutolewa bure mwaka 2004, na watu wengi mno wazitumiao wafanya kazi zao kwa akili timamu. Hata hivyo, udhaifu mwepesi wa kumbukumbu bado huonekana kwa baadhi yao, hata kwa wengine ambao virusi havipimiki tena katika damu yao.

Basi, fundi wetu ana hatia gani? Tangu utoto twafundishwa katika katekisimu kwamba dhambi ya mauti yataka jambo zito, kulijua, na kulikubali kwa hiari. Asiyekumbuka amekubali nini? Tena lipo jambo lililo zito zaidi: kiungo tukiagizacho kikumbuke dawa ndicho kilichojeruhiwa. Ni kama kumtuma mwenye mguu uliovunjika akimbie kumwita mganga, kisha kumchapa kwa kuchelewa.

Labda mtu atatuambia: "Mkisema hivyo, kila mvivu na kila mlevi atajificha nyuma ya ugonjwa." Twajibu kwamba hatusemi kila kosa ni ugonjwa. Mgonjwa angali na hiari, na kwa kadiri ya hiari hiyo anawajibika: akubali kukumbushwa, aache pombe iongezayo madhara, amweleze mganga yaliyompata bila kuficha. Kumwondolea wajibu wote nako ni kumwonea. Wako watu ambao, wakiisha kumhurumia mgonjwa, humnyang'anya ufunguo wa sanduku lake na kumjadili mbele yake kana kwamba hayupo. Wa kwanza alimhukumu kama mtu mzima mwenye afya. Wa pili amemfanya mtoto mchanga. Wote wawili hawakumwona yeye mwenyewe.

Tufanyeje, basi? Kwanza, tusikate hukumu kabla ya uchunguzi. Usahaulifu waweza kuletwa na sonona, na pombe, na kukosa usingizi, au na maambukizo mengine ya ubongo, na mengi ya hayo yatibika. Kwa hiyo apelekwe kwa mganga. Pili, tumgawie mzigo. Mtoto mmoja apewe kazi ya kumkumbusha baba saa ya dawa. Siku ya kliniki itiwe alama katika kalenda. Vipimo vya mbao viandikwe ukutani. Tatu, wale wanaowahudumia wagonjwa na waulize "Ni nini kilichokuzuia?" kabla ya kukemea.

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. Fundi yule kwa miaka mingi aliwawekea wenziwe vipimo vyao kichwani mwake. Si jambo kubwa mno kwamba leo wenziwe wamkumbukie vyake.